Mswada Ukifika Kamatini: Tuliyojifunza Katika Kupeleka Maoni kwa Bunge la Taifa la Kenya

Wakenya wengi husikia habari za mswada siku unapopigiwa kura. Redio zinatangaza, mitandao inawaka moto, kila mtu anamsaka mbunge wake kwa simu. Kufikia saa hiyo, mlango uliokuwa wazi kwa mwananchi umeshafungwa. Mlango huo ni kamati, na hukaa wazi siku chache sana. Sisi tunaowasaidia wafanyabiashara wadogo na vikundi vya soko kuandaa maoni yao tumewaona watu wenye hoja nzito wakikosa kusikizwa kwa sababu ya tarehe tu, na inauma. Haya ndiyo tunayowaeleza wanaokuja kwetu mara ya kwanza.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 118, inalilazimisha Bunge kufanya kazi zake hadharani na kuushirikisha umma katika kutunga sheria, pamoja na kazi za kamati zake. Kwa hiyo hauendi kuomba fadhila. Lakini haki hiyo huja na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haisogezwi kwa sababu hukuwa na habari.

Anza kabla ya tangazo

Miswada ya serikali hutoka wizarani, hupitia Baraza la Mawaziri, kisha huingizwa Bungeni, aghalabu kwa jina la Kiongozi wa Wengi. Wa mbunge binafsi huanza kama pendekezo la sheria linalopelekwa kwa Spika, na wanasheria wa Bunge husaidia kuliandika. Pendekezo likigusa fedha za umma, hupitia kwanza kwenye kamati ya bajeti, kwa sababu kifungu cha 114 cha Katiba kinaweka masharti makali kuhusu miswada ya fedha. Hapo ndipo mapendekezo mengi ya wabunge hukwama. Kikundi chenu kikitaka mbunge awaletee mswada, lipitieni wazo lenu na mjiulize kama kweli linahitaji hazina mpya, bodi mpya au mamlaka mpya. Kila bodi ni mishahara, na kila mshahara ni sababu ya mswada kulala. Tumeona mapendekezo mazuri yakirudi hai baada ya bodi kuondolewa na kazi yake kupewa idara iliyopo.

Mswada ukiwa tayari, huchapishwa katika Nyongeza ya Gazeti Rasmi la Kenya. Kwa kawaida lazima zipite siku 14 tangu kuchapishwa kabla haujasomwa mara ya kwanza. Miswada ya kuidhinisha matumizi ya serikali hupewa siku 7, na Bunge lenyewe linaweza kupitisha hoja ya kufupisha muda huo. Siku hizi 14 ndizo watu wanazozipoteza. Hukaa wakingoja tangazo la gazetini la kuomba maoni, ilhali mswada wenyewe umeshawekwa kwenye tovuti ya Bunge na ile ya Kenya Law, ambako unapakuliwa bila malipo. Mtu mmoja kikundini apewe kazi ya kuchungulia tovuti hizo kila wiki. Akiona kitu, aupakue mswada siku hiyo hiyo na kuwatumia wenzake.

Usomwe kutoka nyuma

Mtu asiyezoea miswada huanza ukurasa wa kwanza, anakutana na "kifungu cha 5 cha Sheria kuu kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na kuweka haya", anachoka na kuuweka kando. Uanze mwishoni. Baada ya vifungu na majedwali kuna maelezo ya malengo na sababu, yaliyotiwa sahihi na anayeuleta mswada. Humo utakuta kwa lugha nyepesi kila kifungu kinakusudia nini, kama mswada unamkabidhi waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kama unabana haki yoyote, kama unahusu kaunti, na kama utaigharimu serikali fedha. Ukiwa ni mswada wa kurekebisha sheria iliyopo, mwishoni kabisa huambatishwa vifungu vya sasa vinavyotaka kuguswa. Viweke vifungu hivyo upande mmoja na marekebisho upande wa pili, uandike kwa kalamu jinsi sheria itakavyosomeka ikipita. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo itakayokuonyesha kama jambo limebadilika kweli au ni maneno tu yamehamishwa.

Usiyaamini maelezo hayo ya mwishoni peke yake. Hueleza nia ya mwandishi, na kitakachotumika mahakamani ni kifungu. Tafuta hasa sehemu zenye adhabu, ada, leseni, na zile zinazosema "waziri anaweza kuagiza". Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo huumizwa baadaye.

Siku 20

Kusomwa kwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Karani anasoma jina la mswada na papo hapo unakuwa umepelekwa kwa kamati ya idara inayohusika: afya kwa Kamati ya Afya, kodi kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, na kadhalika. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa, kamati ina siku 20 za kalenda kuwasilisha ripoti yake. Ndani ya siku hizo inatakiwa kutoa tangazo, kupokea maoni, kuwasikiliza wadau na wizara, kuandika ripoti na kuipitisha. Ukitoa siku za matayarisho na za kuandika, muda wako mwananchi mara nyingi hubaki wiki moja au zaidi kidogo. Kamati ikichelewa, usidhani mswada umesimama. Unaweza kuendelea bila ripoti hiyo.

Tangazo hutoka kwenye magazeti ya kila siku na kwenye tovuti ya Bunge. Lisome lote, kwa maana tangazo moja linaweza kubeba miswada kadhaa ya kamati tofauti, na mtu akasoma jina la kwanza tu akaondoka. Linataja anwani, barua pepe, na siku na saa ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni saa kumi na moja jioni. Yaliyofika baada ya hapo yanaweza kupokelewa ukibahatika, lakini usiitegemee bahati hiyo.

Kuandika maoni yenyewe

Hapa ndipo tunaweka nguvu zetu nyingi. Kamati hupokea mirundo ya karatasi. Wanaozisoma kwanza ni makarani, watafiti na wanasheria wa kamati, na kazi yao ni kuyapanga maoni kifungu kwa kifungu. Barua ya kurasa sita inayosema "tunaupinga mswada huu wote kwa kuwa unamkandamiza mwananchi" haina pa kuwekwa katika mpangilio huo. Itaandikwa kwenye ripoti kwa mstari mmoja kwamba fulani alipinga, basi. Barua moja iliyonakiliwa na watu elfu nayo huhesabiwa kama hoja moja. Kama watu ni wengi, ni afadhali waandike waraka mmoja wenye orodha ya majina na sahihi, au kila kikundi kieleze athari zake chenyewe.

Andika jedwali la safu nne: namba ya kifungu, kinavyosema sasa, mnavyotaka kisomeke, na sababu. Safu ya tatu ndiyo watu huiacha tupu, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukiandika "kifungu hiki kirekebishwe", umemwachia mwanasheria wa kamati kazi ya kukisia unachotaka, na hana muda. Mwandikie maneno kamili: "futa kifungu cha 12(3)", au "futa maneno 'siku saba' na uweke 'siku thelathini'". Pendekezo likikubaliwa, litabebwa jinsi lilivyo hadi kwenye jedwali la marekebisho la kamati.

Kuhusu lugha, kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Andikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi, na mkiitwa semeni kwa Kiswahili. Ila kwa kuwa miswada yenyewe huchapishwa kwa Kiingereza, kwenye ile safu ya tatu tunashauri muandike maneno ya badala kwa Kiingereza vilevile, ili yaingizwe bila mtu wa katikati kuyatafsiri na kupoteza nusu ya maana.

Safu ya sababu inataka hesabu. Mfano tunaoutumia mara kwa mara ni kodi ya magari iliyokuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024. Mswada ulipendekeza asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Kusema "ni kodi ya kikatili" ni kweli kwa anayelipa, lakini tazama hesabu inavyosema zaidi. Gari kuukuu la shilingi 120,000 kwa asilimia 2.5 lingelipa 3,000, ila kwa kile kiwango cha chini lingelipa 5,000, yaani zaidi ya asilimia 4 ya thamani yake. Gari la shilingi milioni 10 lingetakiwa kulipa 250,000, lakini kwa kile kiwango cha juu lingelipa 100,000, yaani asilimia 1. Mwenye kigari cha kubebea mboga angebeba mzigo mara nne ya tajiri, ukipima kwa thamani. Hoja ya namna hiyo mbunge anaweza kuisimamia mbele ya wizara bila kuitwa mpinzani wa serikali.

Mswada huohuo ulitaka mkate utozwe ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16. Wengi walioandika waliomba tu "mkate uondolewe ushuru". Kuwa mwangalifu na ombi kama hilo. Kisheria kuna bidhaa zinazotozwa kiwango cha sifuri na bidhaa zilizosamehewa, na hizi mbili si sawa. Bidhaa ikiwa ya kiwango cha sifuri, mwenye kiwanda hurudishiwa ushuru alioulipa kwa mali ghafi, umeme na vifungashio. Ikiwa imesamehewa, harudishiwi, na gharama hiyo huingia kwenye bei ya dukani. Mtu anaweza kusherehekea kwamba ombi lake limekubaliwa kumbe bei itapanda. Ukiandika kuhusu kodi, taja jedwali na sehemu unayotaka bidhaa iwekwe.

Mwanzoni mwa waraka weka aya moja tu ya kujitambulisha: ninyi ni nani, mko wanachama wangapi, mnafanya kazi gani, mko kaunti gani. Barua ya kuambatisha huandikiwa Karani wa Bunge la Taifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, omba wajibu kuwa wamepata, na uhifadhi jibu. Kupeleka maoni hakuna ada yoyote. Akitokea mtu wa kudai chochote ili "akufikishie" kwa kamati, mwache aende zake.

Gharama zenyewe ni za kawaida lakini huwashtua watu. Kuna kuchapa na kutoa nakala, vifurushi vya intaneti, siku za kazi zinazopotea kwenye vikao vya kikundi na, kwa walio mbali, nauli. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la chini ya treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 kwa safari moja, na kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si katikati ya jiji, kwa hiyo ongeza nauli ya kuingia mjini, chakula na mahali pa kulala. Kusanyeni fedha hizo mapema, kabla ya kuitwa. Mwaliko huja kwa ghafla.

Siku ya kusikizwa

Si kila aliyeandika huitwa. Ukiitwa, uliza mambo matatu kwa simu: chumba gani na jengo gani, mna dakika ngapi, na nakala ngapi zinahitajika. Jengo ni swali la kweli. Kikao kinaweza kuwa katika majengo makuu, County Hall, Bunge Tower lililofunguliwa 2024, au hata hotelini. Kwa miswada mikubwa kamati hutuma wanachama wake kaunti mbalimbali, na huko kikao huwa ukumbini kwa watu wote. Beba kitambulisho na ufike mapema, kwani ukaguzi wa langoni huchukua muda.

Makosa ya siku hii yanafanana mwaka baada ya mwaka. Msemaji anasoma waraka wote neno kwa neno, muda unaisha akiwa ukurasa wa pili, na kile kifungu kinachowaua hakijatajwa. Au anaanza kwa salamu ndefu na historia ya kikundi. Wabunge wana kamati zaidi ya moja na wengine huondoka katikati ya kikao, kwa hiyo kifungu chenye uzito zaidi kitangulie. Mwingine anaanza kuwashutumu wabunge kwa siasa za chama chao, na kuanzia hapo wanajibu siasa, mswada umesahaulika. Uchungu upo na una haki yake, lakini dakika kumi ni chache mno kuzitumia hivyo.

Kwa miswada ya fedha, jiandaeni kwa swali moja ambalo haliepukiki: pesa hizo zitoke wapi badala yake? Anayejibu "hilo ni jukumu la serikali" hupoteza wasikilizaji. Si lazima uwe na bajeti mbadala ya nchi. Inatosha kuonyesha kwamba kodi hiyo itakusanya kidogo kuliko wanavyodhani, pengine kwa sababu watu wataikwepa, au biashara zitafunga, au gharama ya kuikusanya ni kubwa.

Ripoti, na yanayofuata

Kamati ikimaliza, mwenyekiti huwasilisha ripoti Bungeni, nayo hupatikana kwenye tovuti. Itafute mara moja. Ndani yake kuna sehemu ya maoni ya umma inayoeleza kifungu kwa kifungu nani alisema nini na kamati ilikubali au ilikataa. Mwishoni kuna jedwali la marekebisho, na viambatisho vyenye kumbukumbu za vikao na sahihi za wanachama walioipitisha. Tafuta jina la kikundi chenu. Kusoma "kamati haikukubaliana na pendekezo hili" baada ya kazi yote hiyo kunavunja moyo, hasa sababu ikiwa ni mstari mmoja. Msikate tamaa, bado kuna siku kadhaa.

Baada ya kusomwa mara ya pili, mswada huenda kwa kamati ya bunge zima, na hapo mbunge yeyote, si mwenyekiti pekee, anaweza kuleta marekebisho alimradi ametoa taarifa kwa Karani kabla. Bunge la Taifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo mtafuteni mbunge wenu mwishoni mwa wiki akiwa eneo bunge, mkampe ile safu ya tatu ikiwa imeandikwa tayari. Kumbukeni pia kwamba marekebisho hayaruhusiwi kuleta jambo jipya lililo nje ya mada ya mswada. Msimpe mbunge pendekezo ambalo Spika atalikataa papo hapo.

Kuna hatua nyingine inayosahaulika. Chini ya kifungu cha 110(3), maspika wa Bunge la Taifa na Seneti hutakiwa kukubaliana kama mswada unahusu kaunti. Ukihusu kaunti, utafika Seneti, nako kamati yake hupokea maoni upya. Walioshindwa katika Bunge la Taifa wamepata nafasi ya pili huko. Jambo hili si dogo: mwaka 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kushirikishwa, ingawa Mahakama ya Rufaa ilibadilisha sehemu ya uamuzi huo mwaka uliofuata.

Mwaka 2024 ulituonyesha nguvu na mpaka wa kamati kwa pamoja. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuueneza. Juni 18 ikatangazwa kwamba ushuru wa mkate na kodi ya magari vimeondolewa. Mengine yalibaki, hasira ikapanda, na mswada ukapita Juni 25, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakauawa barabarani. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Hatuwezi kuzungumzia ushirikishaji wa umma bila kuwakumbuka waliokufa. Sheria ya Fedha ya 2023 nayo ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 31, 2024, maoni ya umma yakiwa kiini cha kesi, kisha Mahakama ya Juu ikaihuisha Oktoba 29 mwaka huohuo. Kesi za aina hii husimama juu ya karatasi: tangazo, waraka, muhuri wa kupokelewa, ripoti ya kamati. Ndiyo maana tunasisitiza ile nakala yenye muhuri itunzwe.

Rais ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha mswada Bungeni pamoja na sababu zake. Ukitiwa sahihi, huchapishwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 7, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa isipokuwa sheria yenyewe itaje tarehe nyingine. Angalia tarehe hiyo kifungu kwa kifungu, kwani baadhi vinaweza kuanza mapema kuliko vingine. Kama sheria inampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, anzeni kuzifuatilia kanuni hizo sasa, maana ada na fomu mtakazokutana nazo dukani zitaandikwa humo. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka nazo zijadiliwe na watakaoathirika, na zifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, ambako kuna kamati ya kuzichunguza yenye uwezo wa kupendekeza zibatilishwe.